Kigingi cha Kwanza

Mama mpimaji wa ile rasi hakunji tepu kabla hajaifuta chumvi kwa kiganja, huku akisonya. Kila mwaka bahari inamega matuta ya mchanga, na kila mwaka ofisi yake inarudisha nyuma kigingi cha kupimia umbali hadi majini, kisha inaandika kwamba ufuo haujasogea. Mgonjwa akonde, wao wapunguze suruali, waseme bado inamtosha!

Leo bosi mwenyewe kaleta wageni wanaotaka kujenga hoteli. "Hapa salama kabisa, au siyo, mama?"

Mama akamkabidhi ncha ya tepu. "Nenda mpaka kilipokuwa kigingi cha kwanza, mwanangu. Nitakwambia ukifika."

Bosi akaona haya kukataa mbele ya wageni. Maji yalipomfika magotini, akageuka.

"Bado," mama akasema, akizidi kuachia tepu. "Twende."