Waya wa Mita Tatu

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, jua limeshawaka, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nilikuwa na usingizi. Haya yalinitokea mimi, chumbani kwangu Gungu, ninamorekodia kwaya. Ufundi huu nimejifunza mwenyewe, kwa kupimapima. Mimi si mtu wa kuona mauzauza.

Jana yake mjane mmoja wa Mwandiga aliniletea wimbo ambao kwaya yao iliurekodi nyumbani, kila sauti peke yake, ili niuchanganye. Aliyeongoza ni marehemu mumewe, ambaye sikuwahi kumwona. Mama alitaka upigwe Jumapili kwenye ibada ya kumkumbuka. Sauti nyingine zilikuwa nzuri. Ya marehemu, kila ilipofika kwenye kiitikio, ilizidi kipimo ikapasuka kama spika mbovu.

"Fundi, huwezi kuuondoa huo mkwaruzo?"

"Mama, sauti ikipasuka wakati wa kurekodi, hairudi. Nikiishusha sasa, nashusha mkwaruzo uleule."

"Kwa hiyo baba watoto ndiyo ameisha hivyo?"

Nikamwomba aniachie wimbo, nijaribu.

Sasa asubuhi hiyo akaingia mzee mmoja, kofia mkononi. "Mwakeye, fundi," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Nimekuja kukirudia kile kiitikio."

Nikadhani ametumwa na kwaya. Nikamvisha hedifoni, nikamsimamisha mbele ya maiki, nikafungulia wimbo, akaimba. Taa nyekundu ya kuzidi kipimo ikawaka.

Hapo nikafanya kosa letu mafundi wa kwaya. Badala ya kupunguza sauti kwenye mashine, nikamwambia, "Rudi nyuma kidogo, mzee." Akarudi. Nyekundu. "Kidogo tena." Akafika mlangoni. Akatoka uani huku anaimba. Nyekundu vilevile, na sauti iko sikioni mwangu kana kwamba ameniinamia.

Ndipo nikatazama chini. Waya wa hedifoni zile ni mita tatu. Yeye yuko kwenye mpapai kando ya barabara, hedifoni masikioni, na waya umelala sakafuni, umelegea, haujavutika hata kidogo.

Niambie, wewe ungefanya nini?

"Nirudi mpaka wapi, fundi?" Alikuwa anacheka. "Nilikotoka ni mbali kuliko hapa, na bado unanisikia. Hangaika na mashine yako."

Nikashusha kitufe cha sauti. Taa ikawa kijani. Akaimba kiitikio chote, safi kabisa. Nilipoinua macho, uani wala kwenye mpapai hapakuwa na mtu. Hedifoni zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari ninapozitundika.

Mjane alisikiliza mara moja tu. "Ni yeye," akasema. "Na kile kikohozi chake kabla ya kuanza." Hakuuliza nimeipata wapi. Jumapili wimbo ukapigwa.

Mpaka leo, nikijaribu kuongeza sauti ya wimbo ule, za wenzake zinapanda. Yake inabaki palepale nilipoiacha.

Kwa hiyo wewe unayerekodi nyumbani, nisikilize. Taa ikiwa nyekundu, shusha mashine kwanza, acha nafasi juu kabla ya kufika nyekundu. Usimsukumie mwimbaji mlangoni. Hujui ametembea umbali gani kufika kwenye maiki yako.