Bei ya Zumari la Mpingo

Alhamisi, mwanzo wa Shaabani. Mvua tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na ukungu ukabaki juu ya Lualaba mpaka alasiri.

Ng'ambo ya mto kuna harusi, wanapuliza zumari. Sauti yake inakwaruza kidogo, nadhani mti wake si mzuri. Lakini labda ni unyevu tu. Nisimlaumu mtu nisiyemwona. Nimeacha kupepeta mchele nimekaa mlangoni, na ninakuandikia wewe, daftari langu, kama rafiki wa zamani, ingawa chuoni niliishia juzuu chache na mwandiko wangu umepinda.

Nilipokuwa mtoto, hapa hapa Kindu, asubuhi zetu zilinukia mawese na moshi wa kuni mbichi. Vinu vilianza kabla ya jua. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kufukuza ndege kwenye mpunga. Baba alikwisha kufa, na aliyetulisha ni baba mdogo, mpiga zumari wa harusi. Harusi ikiisha alirudi na kipande cha nguo begani na nyama ndani ya jani la mgomba. Msimu ule zumari lake lilipasuka. Alilipaka utomvu, akalifunga uzi, likawa linalia kama mbuzi mgonjwa, na watu wakaanza kumwita mpigaji mwingine.

Ndipo alipofika mfanyabiashara mmoja wa pwani, na wapagazi wake, wakingoja mitumbwi ya kwenda Kibombo. Katika mizigo yake mlikuwa na zumari la mpingo, jeusi, zito. Baba mdogo aliziba matundu kwa vidole, akaziba na mdomo wa chini kwa goti, akavuta pumzi. Hakuna upepo uliopita. Mti mzima. Kisha akalipuliza, na wanawake wakaacha kutwanga.

Kwetu mpigaji hajinunulii zumari. Tunasema akishalipuliza akili ya bei imemtoka, basi huzungumza mtu mwingine wa nyumba, yeye anakaa kimya. Siku ile alizungumza bibi yangu, mama yake.

“Bibi, hili sikulileta kwa shanga,” akasema mfanyabiashara, akiiga Kiswahili cha kwetu. “Mke wangu iko peke yake nyumbani. Unipe mutoto huyu wa kike. Hiyo njo bei yangu.”

Mtoto huyo nilikuwa mimi, nimeshika kata ya maji ya wageni.

Nitasema haki. Hakusema kwa ukali. Alisema nitalala ndani na nitakula chungu kimoja na mkewe, na zama zile bei kama hiyo ilitajwa wazi, kama mtu anayeomba mbuzi. Baba mdogo alinitazama, akalitazama zumari, akakawia kabla ya kuinamisha kichwa. Sijui aliwaza nini. Desturi ilimfunga mdomo. Sijathubutu kusema angekubali, wala kwamba angekataa.

Bibi hakukasirika. Aliwatazama wapagazi waliolala upenuni.

“Watu wako walikula nini jana?”

“Mihogo, Bibi.”

“Na leo?”

Akainama kukaza kamba ya mzigo. Mpagazi mmoja akajibu bila kuinuka: “Leo alitupikia maneno.” Wenzake wakacheka, na mfanyabiashara naye akacheka kidogo.

“Sikiliza, mwanangu,” bibi akasema. “Mutoto huyu unamuona mwembamba, lakini anakula kama watu wawili, na njiani utamlisha wewe. Mimi niko na mchele ghalani. Mutoto anakula, mchele unaliwa. Angalia kipi utabeba mpaka Kibombo.”

“Mchele wote?”

“Wote. Mbegu nabaki nayo.”

“Na mbuzi.”

“Na mbuzi. Yule mwenye kelele.”

Wapagazi walikuwa wamekwisha simama kabla bwana wao hajaitikia.

Nilikaa chini pale pale, maji yakanimwagikia miguuni, na hakuna aliyenigombeza. 

Msimu mzima tulikula ndizi, na mimi nilinung'unika kuliko wote, kama vile sikujua mchele ulikokwenda. Baba mdogo akaanza kuitwa tena. Kila nguo aliyorudi nayo, upande wa kwanza alinikatia mimi, bila neno. Nilidhani ananiomba radhi. Huenda alinipenda tu.

Sasa bibi hayupo, baba mdogo hayupo, na zumari liliungua na nyumba wakati wa vita. Mpingo wa pwani haufiki tena huku. Na ile bei haitajwi tena mlangoni mwa watu. Kama imekwisha kabisa au inanong'onwa pembeni, siwezi kuapa. Ila binti yangu anafikia umri ule, na wageni wakija simfichi.

Jioni tumekula ugali wa muhogo, sombe la majani yake na samaki wa mto, na watoto wote walikuwapo.