Kaseti ya Shangazi

Juzi binti yangu alinichezea wimbo kwenye simu: kinanda kizito, ngoma kavu, na mwanamke anayeimba kama aliyefungiwa stoo. "Mum, hii inaitwa darkwave. Msanii anajirekodi tu mwenyewe kwa bedroom." Nilicheka hadi akanuna. Ngoja nikwambie kwa nini.

Miaka ya tisini tulikaa mtaa wa Kamenu, kwenye ploti ya vyumba vya mabati. Shangazi, dadake baba, alikuwa ametoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, akawa analala kwetu. Alivaa nyeusi wiki nzima, wala hakuwa amefiwa. Jioni alishika kinanda chake kidogo cha mtumba akajirekodi kwenye kaseti kwa redio yetu, na sisi watoto tuliambiwa tusipumue. Nilimpenda kuliko chapati. Ndiye aliyenisuka, na hakuwahi kunivuta nywele.

Enzi hizo hofu ya waabudu shetani ilikuwa imeshika kila mtu. Jumamosi moja shangazi akiwa kazini, mama na jirani, mwenzake wa kwaya, walikuwa wakikatakata sukuma wiki, wakaamua kuisikiliza ile kaseti. Ikatoka sauti nzito, ya polepole, ya kunguruma.

"Ashindwe!" jirani akaruka. "Haki sister, huyo si mtu!"

Mama hakubishana. Alivuta mkoba wa shangazi chini ya kitanda akaanza kutupia zile nguo nyeusi ndani. Jioni hiyo hiyo angepandishwa basi arudi kwao. Nililia mpaka nikapaliwa.

Kisha, ili kuitakasa nyumba, mama akaweka kaseti ya kwaya yao. Ulikuwa wimbo wa sifa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuanzisha. Loo! Sauti ya mama nayo ilinguruma vilevile, tena kuishinda ya shangazi. Wakatazamana.

"Sister," jirani akasema, "si ni mawe yameisha?"

Ndiyo, yalikuwa mawe ya redio, betri zimechoka hadi kanda inajikokota. Mama alicheka akaketi sakafuni. Tuliyaanika mawe juani yapate nguvu kidogo, kama kawaida yetu, kisha tukausikia wimbo kama ulivyoimbwa. Bado ulikuwa wa giza na huzuni, lakini sauti ilikuwa ya shangazi wangu, akiimba juu ya ukungu wa asubuhi anapoenda shifti. Jirani aliomba urudiwe.

Shangazi aliporudi aliuona mkoba. "Kwani nani anasafiri?"

"Hakuna," mama akasema. "Nilikuwa nafagia chini ya kitanda."

Nami nikausukuma mkoba chini ya kitanda.

Leo ploti ile ni ghorofa, kaseti ilipotea, na simu ikiisha chaji hunyamaza ghafla, haingurumi kwanza. Shangazi aliondoka kwetu miaka kadhaa baadaye, kwenda kuolewa Ruiru. Mama ndiye aliyelia kuliko sote, akisema nyumba imekuwa kimya mno.