Bastola ya Bwana, Ufunguo wa Yaya

Juma lililopita niliingia dukani mjini kununua kioo cha taa, nikakuta bwana mmoja mzungu na mkewe wanachagua bastola. Mbele yao kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye kwinini, bandeji na mishumaa. Yaya wao alisimama nyuma, mtoto wao mgongoni.

"Ya bei ndogo, lakini isikwame," bwana alimwambia muuzaji kwa Kifaransa. "Siku hizi hatujui weusi wanawaza nini."

Hasira ilinipanda. Tulikuwa weusi wawili pale, mimi na yaya, na hakuna aliyetuuliza.

Wakachukua moja fupi, isiyo na urembo. Bwana akaifungia kisandukuni. Madame, bila hata kufikiri, akautia ufunguo kwenye kamba iliyo shingoni mwa yaya, pamoja na ule wa kabati la sukari. "Watoto wasiuguse," akasema.

Yaya akacheka. "Madame, saa tatu ya usiku mi niko narudia cité, mtaa ya beusi, ni sheria yenu. Mwivi akiingia, hii fungulo iko nalala kwetu, kwa bale bantu munaogopa!"

Bwana akawa mwekundu, akanyoosha mkono auchukue. Madame akamzuia: "Kwako watoto wataupata leo leo. Acha ubaki kwake."

Ukabaki. Nilitoka nimeduwaa, kioo nimekisahau. Mimi hushinda midahalo shuleni, lakini sijawahi kuona hoja ikijijibu namna ile: wamenunua bastola wajikinge nasi, kisha wakatukabidhi sisi ufunguo wake tuwatunzie.