Siku Mbili Mgongoni mwa Thuo

Hasira yangu kwa Thuo haijaisha mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha. Nilikuwa jirani yao katika mtaa wa Jericho, ukuta mmoja, chumvi tulikuwa tukiombana dirishani. Mkewe, Jecinta, alikuwa na meza ya sukuma wiki na nyanya sokoni. Alitoka alfajiri, na akirudi jioni aliwaosha watoto wake wawili, Chege na Wacera, akapika, kisha akafua ovaroli ya mume. Hakuwa mtu wa maneno. Akikukosea alikuomba radhi, ukimkosea alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomponza.

Thuo alikuwa fundi wa plasta. Miaka hiyo ya sabini Buruburu ilikuwa ikijengwa awamu baada ya awamu, na hakuna ukuta uliomshinda. Kazi yao ilikuwa na mpango wake. Jumatatu hadi Alhamisi wenzake walipandisha mawe, yeye akifunga majukwaa na kuchekecha mchanga. Ijumaa na Jumamosi ndipo alipopiga plasta, mikono mitupu ndani ya simiti mbichi. Glavu zilikuwepo, lakini nyapara alizifungia stoo, zikitolewa tu siku za wakaguzi. Huyo nyapara nikimkumbuka nasahau kwamba nimeokoka.

Mwaka wa sabini na saba mikono ya Thuo ikaanza kumwasha. Jumamosi jioni alirudi mzima. Jumapili jioni alianza kujikuna. Jumatatu vidole vilikuwa vimevimba, vimejaa malengelenge yanayotoa maji. Kufikia Alhamisi, akiwa kazini, yalikuwa yamekauka. Jumapili nyingine, yale yale. Basi akapiga hesabu yake ya kipumbavu: kazini napona, nyumbani naugua. Na nyumbani kuna nani? Kuna Jecinta na sabuni yake na sufuria yake.

Alianza kwa kukataa chakula chake. Halafu akakataa nguo alizofua. Mwisho akamwandikia mama yake barua Murang'a. Mama mkwe alifika Jumamosi moja, na kesho yake baada ya kanisa akamsimamisha Jecinta uani mbele yetu sote.

"Huyu mtoto wangu unamwekea nini kwa maji ya nguo?"

"Sabuni tu, mama. Ile ya kipande."

"Sabuni gani hiyo inakula mtu mikono?" Thuo akadakia, akivionyesha vidole vyake kwa watu. "Nikiwa kazi napona. Nikikaa hapa Jumapili naoza. Watu wajue."

Mama mkwe akatoa hukumu: Jumamosi inayofuata Jecinta arudi kwa baba yake, watoto wabaki kwa Thuo. Jecinta aliwatazama watoto wake. Na sisi majirani? Sisi tulilitazama karai lake la kufulia. Mimi pia nililitazama, na kwa hilo najikasirikia mwenyewe.

Lakini mimi nilikuwa nafagia kliniki ya ngozi katika hospitali moja mjini, na mikono kama ile nilikuwa nimeiona. Jioni nikamwambia, "Mama Chege, kesho mpeleke kwa daktari. Na ubebe kipande cha hiyo sabuni." Thuo alikubali upesi, kwani alidhani anaenda kuchukua ushahidi. Mama mkwe naye akafuatana nao, eti mwanawe asije akadanganywa.

Daktari alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole wa sauti. Aliigeuza mikono ile, akauliza kazi, akauliza siku. Kisha akambandika Thuo vibandiko viwili mgongoni. Kimoja kilikuwa na sabuni ya Jecinta iliyozimuliwa maji. Kingine kilikuwa na dawa ya rangi ya machungwa, ambayo alisema imo pia ndani ya simiti. Akawaambia wasiviloweshe, warudi Jumatano.

Siku hizo mbili mama mkwe hakungoja daktari. Alikusanya nguo za watoto, eti atawalea kwake Murang'a, akazifunga kwenye shuka, fundo juu ya fundo. Jecinta alikwenda sokoni kama kawaida, akarudi macho mekundu, akalipita lile furushi mlangoni kila alipoingia na kutoka.

Jumatano nilikuwepo, nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Daktari akavibandua. Palipokuwa na sabuni, ngozi ilikuwa safi. Palipokuwa na ile dawa, palikuwa pameinuka duara jekundu lenye malengelenge.

"Ni simiti," daktari akasema.

Thuo akabisha. "Lakini daktari, simiti nashika Ijumaa. Mbona iniume Jumapili?"

"Kinga ya mwili hukosea kwa namna nne," daktari akasema. "Ya kwanza ni ya papo hapo: mtu anaumwa na nyuki, au anadungwa penisilini, na kabla hajakaa koo limeziba. Ya pili hushambulia chembe zenyewe, kama zile za damu mtu akitiwa damu ya kundi lisilo lake. Ya tatu huweza kuja wiki moja baada ya dawa, mtu akashikwa na homa na maumivu ya viungo, kwa sababu mabaki ya vita kati ya kinga na dawa hiyo yamenasa kwenye mishipa midogo. Yako ni ya nne. Hiyo huja polepole, siku ya pili au ya tatu. Aliyekudhuru ameshaondoka, nawe unamkamata aliye karibu."

Akamshika vidole. "Kidonda cha juu juu hujifunga kwa ngozi ile ile. Ukikuna mpaka ndani, mwili hujaza nyama mpya nyekundu, halafu hutia kiraka cha kovu, kigumu, hakikunjiki vizuri. Wewe kila Jumatatu unafumua kilichoshonwa. Achana na simiti. Mwili ukishaichukia, hausahau."

"Kwa muda gani?"

"Maisha."

Thuo hakujua kazi nyingine. Nilipaswa kumhurumia, na sikuweza.

Kule koridoni mama mkwe akasema, "Tumshukuru Mungu. Yaishe." Na Jecinta, yule wa kunyamaza, akamjibu, "Hayaishi hapa, mama. Yalianzia uani."

Jioni ile aliwaita majirani nyumba kwa nyumba. Walipojaa uani akasema, "Baba Chege, vua shati." Thuo akavua, akageuka, tukauona mgongo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni simiti, si mke wake. Jecinta akamtaka arudie, waliokuwa wakichota maji kwenye mfereji wasikie. Akarudia.

"Sasa umeaibisha bwana yako," mama mkwe akasema.

"Mama, hata simiti imepewa siku mbili kabla ya hukumu. Mimi nilipewa ngapi?"

Akaingia ndani kulifungua lile furushi. Ijumaa Thuo hakwenda Buruburu, wala Ijumaa nyingine yoyote. Mama mkwe alikaa mwezi mzima akimpaka mwanawe mafuta mikononi, na chakula chao wote, asubuhi na jioni, kilitoka kwenye ile meza ya sukuma. Walikula wakashiba, na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia Jecinta samahani.