Hapana Isiyo Yake

Ofisini kwao wanamwita Bibi Hapana. Kwangu mimi ni wifi, mke wa kaka yangu, na mawifi tuna ruhusa ya kusemana, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, anayevaa viatu vya kamba hata kwenye harusi. Ukimwomba jambo lolote, hukataa kwanza, halafu ndipo hufikiri. Kaka yangu alimchumbia zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa. Mwenyewe husema si roho mbaya, ni kazi.

Kazi yake ni kutengeneza programu za seva, zile ambazo hakuna anayeziona kwa macho ila kila mtu hukasirika zikilala. Alisomea hesabu, akafundisha sekondari, akachoka na chaki, akajifunza kompyuta ukubwani huku ananyonyesha. Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la matairi, na mapazia yao nimeyashona mimi kwa sababu jua la mchana lilikuwa linawapiga usoni. Ndiyo maana najua wanavyokaa: meza nne zilizounganishwa, feni moja, birika la umeme lenye kutu mdomoni, na ukutani karatasi aliyoibandika wifi, imeandikwa, "Kataa wote. Kisha ruhusu mmoja mmoja."

Nilimuuliza maana yake siku niliyokwenda kupima madirisha. Akanieleza kwamba ukurasa unaouona kwenye simu unakaa kwenye anwani moja, na seva yenye taarifa huweza kuwa kwenye anwani nyingine kabisa. Kivinjari, yaani ile programu unayofungulia kurasa, hakiuachi ukurasa wa anwani moja usome majibu ya anwani nyingine mpaka seva yenyewe itamke kwamba huyu namjua. Na seva hutamka kwa kufuata orodha fupi ambayo yeye wifi anaiandika kwenye mipangilio. Anwani isiyomo, jibu lake linazuiwa. Wavivu huweka alama ya nyota tu, maana yake karibuni nyote, wakaenda zao kunywa chai. Yeye nyota haweki. Nikamwambia, kumbe wewe ni bawabu msomi. Akasema bawabu ni kivinjari. Yeye ni mwenye nyumba anayempa bawabu majina ya wageni. Mengine sikuyaelewa na wala sikuona aibu.

Baba yetu anaishi kwake tangu figo zilipomchoka. Kaka yangu yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, hurudi mwisho wa mwezi akiwa na vumbi hadi masikioni. Mimi ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta, lakini nashinda dukani kwangu sokoni. Baba alikuwa fundi saa, na ile kazi ya kuinamia vitu vidogo kimyakimya ilimwingia tabiani. Hasumbui mtu. Akitaka kijiko mezani, hukitazama mpaka mtu amwone. Mara tatu kwa wiki hupanda basi la asubuhi kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Asipokwenda, maji yanamjaa mwilini, miguu inavimba, pumzi inakata, na baada ya hapo hakuna kingine cha kusimulia. Hilo sote tulilijua, na yeye alilijua kuliko sisi.

Nyumbani nako wifi alikuwa Bibi Hapana. Maji ya kunywa kwa kipimo. Chumvi hapana, maharage hapana, ndizi hapana, juisi usiulize. Baba alitii bila kunung'unika, jambo lililonikera kidogo, maana sisi tuliotoka kiunoni mwake hakututii hata siku moja. Kisha rafiki yake mmoja, fundi saa mwenzake, akamtuma amwombee kwa mkwe amsogeze mbele kwenye foleni ya mashine. Wifi akakataa. Akamweleza kwamba mashine ni chache, wagonjwa ni wengi, na siku atakayoanza kupendelea watu wa nyumbani kwake itakuwa sawa na wizi. Baba akasema ameelewa. Alielewa kupita kiasi.

Maana ni ofisi ya wifi iliyopewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kuomba nafasi ya mashine. Mgonjwa anaandika namba ya kadi, anachagua siku, anabonyeza, anajibiwa saa ya kufika. Mwanzo ukurasa ulikaa kwenye anwani ya ofisi. Baadaye hospitali ikataka ukae kwenye anwani yake yenyewe, na Jumamosi moja wifi akauhamisha. Akaiandika anwani mpya kwenye orodha yake, akajaribu kwa simu, ukafanya kazi, akarudi nyumbani akafua nguo za watoto.

Alichosahau ni kitu kidogo cha kuudhi. Anwani ile ilifunguka kwa namna mbili, yenye zile herufi tatu za w mwanzoni na isiyo nazo. Kwako na kwangu ni nyumba moja. Kwa kivinjari ni watu wawili wasiojuana. Wifi alikuwa ameiruhusu ile fupi peke yake, na bango la hospitali, lililochapwa na mtu wa matangazo bila kumuuliza yeyote, lilikuwa na ile ndefu. Baba ni mtu wa kufuata maandishi. Aliiandika kwenye simu kama ilivyokuwa kwenye bango.

Sasa kuna sentensi. Wifi alikuwa ameandika sentensi moja ya kujitokeza kila jambo likikwama, liwe lolote: "Samahani, ombi lako halijaruhusiwa." Ilikuwa fupi, ya adabu, na ya uongo, kwa sababu ombi lilikuwa limefika. Hili alinieleza mara mbili ndipo nikalishika. Yapo maombi ambayo kivinjari hupiga hodi kwanza, na seva ikikataa hayaendi. Lakini fomu ya kawaida kama ile hupita moja kwa moja. Seva inaipokea, inaifanyia kazi, inatoa jibu, na jibu ndilo linaloshikwa njiani mwenyewe asilione. Kwa hiyo Jumapili jioni, baba alipoomba nafasi ya Jumatatu, seva ilimpa mashine na saa. Simu yake ikamwambia hajaruhusiwa.

Wengine walipoambiwa hivyo walibonyeza tena, na tena, na kila ombi likachukua nafasi nyingine. Seremala mmoja alibonyeza kwa hasira mpaka akajipatia mashine kwa wiki nzima bila kujua, halafu akapanda basi akaenda kugombana dirishani, na akasafishwa damu vizuri tu. Wengi waliponea hapo, kwenye ugomvi. Baba alibonyeza mara moja. Akaweka simu mezani, akalirudisha kabatini shati alilokuwa amelipiga pasi kwa ajili ya kesho.

Jumatatu hakwenda. Jumanne jioni akaomba ya Jumatano, akajibiwa vilevile. Wifi akitoka kazini alimuuliza ameshindaje, akasema salama. Nami nilipopita nikauliza, akasema salama, akaniuliza habari za cherehani yangu. Alikuwa amevaa soksi, kwa hiyo miguu hatukuiona. Mficha maradhi, kifo humfichua, lakini baba yangu alikuwa amejiandaa kufichuliwa akiwa na soksi safi.

Jumatano asubuhi muuguzi mkuu wa chumba cha mashine akaipigia simu ofisi. Nafasi zimejaa majina ya watu wachache, alisema, na wengine wanakuja wakilalamika wamekataliwa ilhali wamo. Mkuu wa ofisi akataka wifi aweke nyota, watu waendelee, mengine yatafuata. Wifi akasema hapana, taarifa za wagonjwa haziachwi mlango wazi kwa kila apitaye. Akauliza anwani watu wanaitoa wapi, akaambiwa kwenye bango, akaomba apigiwe picha yake. Akaziona zile herufi tatu, akaongeza anwani ya pili kwenye orodha, akaiwasha seva upya. Hata chai yake haikupoa. Akampigia muuguzi kumwambia tayari, muuguzi akashukuru, halafu kabla ya kukata akakumbuka jambo.

"Na mzee wenu mbona haji? Juzi mashine ilimsubiri, na leo iko wazi hapa inamsubiri."

Wifi ananiambia alikata simu palepale. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, kwamba nafasi ilikuwapo, jibu lilizuiwa, na sentensi iliyomfikia baba ni ile aliyoiandika yeye kwa mkono wake. Akapiga simu ya baba ikaita mpaka ikakatika. Ndipo akanipigia mimi.

"Wifi, acha kila kitu. Nenda kwa baba, mpeleke hospitali, usimuulize neno."

Mwanamke huyo hajawahi kuniomba kitu tangu aolewe. Niliuacha mkasi katikati ya kitambaa cha mteja nikatafuta teksi. Baba nilimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani, kwa sababu akijilaza pumzi haiji. Soksi zilikuwa zimemkaba hadi zikachimba mstari kwenye nyama. Nilimuuliza, nilikatazwa lakini nilimuuliza, kwa nini hakusema. Hakuwa na pumzi ya kunijibu, au aliitunza. Mimi na dereva tukambeba. Sikulia. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, na hilo ni baya kuliko kulia.

Mashine ilikuwa wazi kweli. Wifi alipofika, kadi ya ofisi bado inaning'inia shingoni, damu ya baba ilikuwa tayari inazunguka kwenye mirija na midomo yake imeanza kurudi rangi. Alisimama miguuni pa kitanda akamuuliza kwa nini hakumwambia. Baba alichukua muda wake, kama alivyokuwa akifanya mteja akimuuliza saa yake itapona lini.

"Nilijua ule ukurasa ni wako, mwanangu. Uliposema sijaruhusiwa, nikajua umetazama wagonjwa wote, ukaona kuna wenye watoto wadogo. Ukanitoa mimi kwa kuwa ni wa kwako, usije ukasemwa unapendelea. Nikaona ni haki. Sasa nije nikuulize, nikutie aibu?"

"Sikukukataa, baba," wifi akasema. "Nafasi ulikuwa nayo. Jumatatu ulikuwa nayo, leo ulikuwa nayo. Sikukukataa."

Akakaa sakafuni palepale, na viatu vyake vya kamba, akalia kwa sauti hadi muuguzi akavuta pazia. Nilimwekea mkono begani, kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukifanya, na hakuuondoa. Baba huku juu, amefungwa mirija, alikuwa anaona haya kwamba amesababisha usumbufu.

Kesho yake wifi alianza na sentensi. Sasa inasema, "Hatukuweza kuona jibu. Huenda nafasi yako ipo. Usibonyeze tena, piga simu," na chini yake namba ya chumba cha mashine. Kisha akaipanga upya fomu ili kivinjari kipige hodi kabla ya kuipeleka. Karatasi ya ukutani hakuibandua. Anasema kanuni haikuwa na kosa, na mimi, ingawa inaniuma kumkubalia, naona ana haki. Seremala bado anagombana dirishani, ila sasa kwa mazoea.

Baba anaendelea na basi lake la asubuhi. Nyumbani hapana ziko palepale, chumvi, maharage, ndizi. Juzi jioni kulikuwa na joto, nami nilikuwa pale nashona kifungo. Baba alikuwa amemaliza kipimo chake cha maji, akainua glasi tupu kumwonyesha wifi. Wifi akasema hapana. Zamani angeishusha bila neno. Siku hizi huuliza, kila mara, hata mbele ya wageni.

"Hiyo hapana ni yako?"

"Ni yangu, baba."

"Basi sawa," akasema, akaiweka glasi mezani.