Amplifaya ya Baba na Spika Mbili Ndogo

Mama alipomaliza eda nilimtoa Msambweni nikamleta kwangu Ukunda. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na sikutaka akae peke yake na jiko la mkaa. Alikubali shingo upande, tena kwa sharti moja: amplifaya ya marehemu baba ije naye.

Nzito ile, wallahi! Uso wake wa rangi ya fedha, ubavu wa mbao, vifundo vya kuzungusha vinene vya zamani. Spika zake kubwa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nikatafuta nyingine, nikapata mbili ndogo za kukaa kwenye rafu ya vitabu, katika nyumba moja ya Diani ambayo wenyewe walikuwa wakihama. Jirani walinicheka: dude zima lile na vispika kama makopo ya maziwa? Fundi wa redio wa sokoni ndiye aliyenitoa wasiwasi. Alisema spika ndogo huhitaji nguvu tulivu, na amplifaya za zamani zinayo. Nizisogeze mbele ya ukuta kidogo, nizielekeze kwa msikilizaji, na sauti nisiipandishe kama ya arusi.

Ikaimba! Asubuhi kisomo, baada ya alasiri taarabu za zamani, kutoka kwenye simu yangu kwa waya mmoja. Mama alisema anamsikia mpiga udi hadi kidole kinapogusa uzi. Nilifurahi kama mtoto.

Siku ya nne ikanyamaza. Fundi akaitengeneza. Wiki haikuisha, kimya tena, na harufu ya kuungua juu yake. Mama akaanza kukunja kanga zake.

"Mwanangu, ikiwa chombo cha babako hakiishi hapa, mimi nitaishije? Ijumaa nirudishe kwangu."

Niliondoka pale moto kichwani, nikamjia juu fundi mbele ya wateja wake. Nikamwambia kazi haijui, na kwamba vispika alivyovisifia ndivyo vilivyoiua amplifaya ya baba yangu. Nikikasirika sina breki, najijua. Yeye alifuta mikono tu, akasema, "Ndugu yangu, twende nikaone inapokaa."

Alipoingia alimwamkia mama, shikamoo na marahaba, akahoji hali ya macho, kisha akaisogelea rafu. Juu ya amplifaya palikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mama kwa mkono, kizito, kimekunjwa mara mbili. Kwetu kitu cha heshima hakiachwi uchi. Redio, runinga, hata mtungi wa maji hufunikwa. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikikinyoosha kila asubuhi! Fundi alikiinua. Chini yake yalikuwa matundu ya kutolea joto, yote tumeyaziba. Akanitazama. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Nilitaka kusema, akanikanyaga mguu.

"Bi mkubwa, kazi hii ni ya mkono wako?"

"Wangu, kabla macho hayajaniharibikia."

"Mashallah. Basi nakuomba. Amplifaya hii huvutia pumzi kwa juu, nguo haiiwezi. Lakini vispika hivi viko uchi, na vyenyewe havipati moto. Vifumie vitambaa vyao viwili, vidogo, vya juu tu, mbele visizibe sauti."

"Mwanangu, sioni."

"Mamangu alikuwa akifuma huku anazungumza na jirani dirishani, wala hatazami. Vidole vinajua."

Fundi akaibeba amplifaya, na njiani nikamwomba radhi. "Yameisha," alisema, akauliza kama nimekunywa chai. Ningekuwa mimi, ningelirudisha tusi kwa tusi. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea dua, maana angeweza kumuumbua mama yangu kwa neno moja, na haki alikuwa nayo.

Aliirudisha Alhamisi alasiri. Mimi nilifika kutoka kazini jioni, nikaukuta mfuko wa kanga za mama umesimama mlangoni, umefungwa. Ndani taarabu ilikuwa ikiimba polepole. Mama alikuwa amekaa mkabala na spika, sindano mkononi, akihesabu mashimo kwa kidole gumba.

"Mama, kesho twende saa ngapi?"

"Niende wapi? Kesho niletee uzi mweupe. Huu hautafika spika ya pili."